Dume Aliyenunuliwa kwa Mahari ya Elia

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja nikalikosa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikapata mafunzo mafupi ya uhudumu wa mifugo, nikapelekwa kwenye josho upande wa Chamwino. Josho, kwa ambaye hajaliona, ni mtaro mrefu wa saruji uliojaa maji ya dawa. Ng'ombe anarukia upande mmoja, anaogelea, anatokea upande wa pili akiwa amelowa mpaka masikio, na kupe waliomganda wanakufa. Msimamizi wa Josho alinisimamisha ukingoni, akanionyesha kundi lililokuwa likisubiri zamu.

"Ukipewa mmoja bure," akasema, "unachukua yupi?"

Nilimchagua jike mmoja mwekundu, mnene, ngozi inang'aa kama amepakwa mafuta.

"Umechukua tasa," akasema. "Huyo hajazaa hata mara moja, ndiyo maana kanenepa. Yule aliyekonda pale nyuma, ambaye hukumtazama, ndiye mama wa hao wengi unaowaona."

Wachungaji wakacheka, nami nikacheka kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusitasita kila ninapoulizwa ng'ombe fulani ana thamani gani. Sasa nimestaafu, na vijana wananijia na simu zao kunionyesha picha za madume wanaouzwa kwa bei ya nyumba. Wanataka nitamke kama bei hizo ni haki au ni wizi. Mmoja aliniuliza hata habari za farasi wa nchi za nje, ambao bei zao zinatisha zaidi. Farasi sijamshika hata mkia, kwa hiyo sitamsemea. Ng'ombe nitaandika nilichokiona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina.

Kutoka kwenye josho nilihamishiwa shamba la mifugo la serikali, mahali ambapo madume ya mbegu yalikuwa yakikuzwa ili yauzwe kwa wafugaji. Dume la mbegu ni lile linaloachwa lizalishe. Mengine yote yanahasiwa, yaani yanatolewa uwezo wa kuzaa, na hapo yanaitwa maksai. Meneja wa Shamba alikuwa mtu wa maneno machache na kofia kubwa. Nilipoona kwa mara ya kwanza bei aliyotozwa mfugaji mmoja kwa dume wa Borani, aina ya ng'ombe wenye miili mikubwa, uso wangu ulinisaliti.

"Unaona tunawaibia," Meneja akasema.

"Hapana, mzee."

"Unaona hivyo. Sikiliza. Jike akiwa mbaya, kwa mwaka anakuletea ndama mmoja mbaya. Dume akiwa mbaya, ndama wote wa mwaka huo wanamfuata yeye. Na huyu tuliyemuuza leo, wenzake waliozaliwa naye umewaona wako wapi?"

Nilikuwa nimewaona. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewashika miguu wakati wa kuwahasi. Huyu mmoja ndiye aliyebaki baada ya mama zao kupimwa maziwa na wao wenyewe kupimwa uzito, miguu, na hata upole. Kwa hiyo ile bei ilikuwa imebeba pia chakula na dawa za wale wasiochaguliwa. Hoja hiyo naiona nzuri mpaka leo, na naiandika kama alivyoisema, ingawa sikumpenda sana huyo Meneja.

Halafu nikapelekwa mnadani, na huko nikaiona hoja ya upande wa pili. Afisa Mnada alikuwa mcheshi, anajua majina ya watu wote na ya mbwa wao. Siku moja mtu wa mjini, mkazi wa mtaa wa Kikuyu, alishindana na mfanyabiashara mwenzake juu ya dume mmoja mwenye nundu kubwa. Bei ilipanda mpaka wachinjaji wakaacha kula nyama choma ili wasikilize. Yule wa Kikuyu akashinda. Nilimwuliza Afisa Mnada kama dume yule alistahili pesa ile.

"Dume?" akasema. "Pale hapakuwa na dume. Pale palikuwa na wanaume wawili."

Nilicheka kwa wiki nzima. Lakini niseme kwa haki, sikupata kujua yule dume alikuja kuzaa nini. Huenda mtu wa Kikuyu alicheka kuliko mimi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa vijiji vya upande wa Zuzu, chini ya Daktari wa Mifugo wa wilaya, mama mmoja mfupi aliyeendesha gari kwa kasi na kuongea taratibu. Huko ndiko nilikokutana na Mzee Ndahani, na habari yake ndiyo iliyonifanya nianze kuandika.

Mzee Ndahani alikuwa na ng'ombe wa asili, wale wadogo wenye nundu fupi ambao Wagogo wamekaa nao tangu zamani. Alikuwa na mke, Mama Elia, na mtoto wa mwisho, Elia, aliyekuwa amechumbia binti wa upande wa Buigiri. Mahari ilikuwa imekubaliwa na ng'ombe wake walikwishatengwa. Ndipo mzee akasikia habari za madume ya Borani, akaniita.

"Bwana Mifugo," akasema, "nikiwatoa hawa wa mahari nikapata dume mmoja, nitakuwa nimefanya ujinga?"

Nilimweleza maneno ya Meneja wa Shamba. Nikamweleza pia ya Afisa Mnada, ili asije akasema nilimficha. Nikamwambia dume mzuri ataonekana kwenye ndama, ila si kesho. Elia alikuwa amesimama karibu, anasikiliza kila neno, maana ng'ombe waliokuwa wakizungumzwa walikuwa ndio mke wake.

"Na wakwe?" Elia akauliza.

"Wakwe watasubiri misimu miwili," baba yake akasema. "Nitaongea nao. Watapata wazuri zaidi."

Wakwe walikubali, kwa sharti kwamba muda ukifika na ng'ombe hawapo, binti yuko huru kusikiliza wengine. Mzee akauza, akaongezea mbuzi, akamleta dume. Hakika alikuwa mzuri. Mweupe wa majivu, mgongo mrefu, nundu imelalia upande kama kofia ya mtu anayejipenda. Nilikwenda siku ya kumpokea, nikakuta kijiji kizima kipo. Mzee alikuwa amemjengea banda lake peke yake, limeezekwa kwa bati. Yeye na mkewe walikuwa bado wanalala kwenye tembe, ile nyumba ya udongo juu yake udongo, ambayo mvua ikizidi inavuja mpaka kwenye chungu.

Jirani yake, Mzee Chibago, alilitazama lile bati muda mrefu. "Mbukwenyi," akamsalimia dume kwa heshima zote, akiinama. "Karibu, mgeni. Ukichoka na bati njoo kwangu ulale." Tangu hapo dume akaitwa Mgeni.

Chibago naye alikuwa na dume. Alikuwa mdogo, mwenye mabaka meusi na meupe, pembe moja imepinda. Aliitwa Diwani, kwa sababu alikuwa anatembelea kila boma bila kualikwa.

Miezi ikapita. Ng'ombe wa Mzee Ndahani wakaanza kuzaa. Ndama wa kwanza alitoka na mabaka meusi na meupe. Nikasema moyoni, huyu mimba yake ilikuwa ya zamani, kabla Mgeni hajaja. Wa pili akatoka na mabaka. Wa tatu naye. Ilipofika katikati ya msimu zizi lilikuwa limejaa watoto wa Diwani, wadogo, wenye fujo, na hakuna hata mmoja wa rangi ya majivu.

Chibago alikuja na fimbo yake, akahesabu kwa macho. "Ndugu yangu," akasema, "Diwani amenituma nichukue posho yake ya vikao."

Watu walicheka mpaka visimani. Mzee Ndahani hakucheka, ila hakunilaumu pia, na hilo ndilo lililonitesa. Elia ndiye aliyesema. Alinikuta kwenye pikipiki yangu, akashika usukani kwa adabu. "Shikamoo, Bwana Mifugo. Naomba uniambie ukweli kama mtu mzima. Yule dume anazaa?"

Nilimwambia nitamletea jibu. Nilianza kufikiri labda Mgeni ana kasoro, maana wako madume wazuri wa sura ambao mbegu zao hazishiki, na mimi niliwahi kumchagua tasa siku yangu ya kwanza. Kwa siku kadhaa nilipita njia ya mbali ili nisipite mbele ya boma lile. Mwishoni nikaenda kwa Daktari, nikamweleza yote, nikamwomba aje kumpima.

"Nitakuja," akasema. "Lakini kabla sijaja, wewe nenda ukakae. Usikague. Kaa tu, kutwa nzima, kama shemeji aliyekuja kuchukua mbegu za karanga."

Nikaenda, nikapewa kigoda. Asubuhi ng'ombe wakatolewa zizini kwenda malishoni. Wote wakatoka. Mgeni akabaki chini ya bati lake. Baada ya muda Mama Elia akaja na majani mabichi kichwani, na ndoo ya pumba zilizochanganywa na mashudu ya alizeti, akamwekea mbele.

"Mama," nikasema, "huyu anatoka saa ngapi?"

"Nani?"

"Mgeni."

"Huyo hatoki."

"Hatoki leo?"

"Hatoki kabisa. Nani amtoe? Huko kuna miiba, kuna makorongo, kuna wezi. Akivunjika mguu, Elia ataolea nini? Nguo?"

"Na jioni, wenzake wakirudi?"

"Wanalala zizini kwao. Wale wana pembe, watamtoboa."

Mchana nikawafuata ng'ombe mpaka mtoni. Mto wenyewe ni mchanga mtupu kiangazi chote. Watu wanachimba visima kwenye mchanga, maji yanachotwa na kumiminwa kwenye mtaro wa udongo, na makundi ya kijiji kizima yanakutana hapo kusubiri zamu ya kunywa. Diwani alikuwa hapo. Hakuwa na haraka ya maji.

Kwa hiyo Mgeni hakuwa na kasoro yoyote. Alikuwa tu ghali mno kufanya kazi. Niliporudi nilimkuta Mzee Ndahani, nikamweleza. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mama Elia," akaita, "kumbe tumenunua bwana harusi tukamfungia chumbani, tukamwacha bibi harusi aende kisimani."

"Si ulisema atunzwe?" akajibu kutoka jikoni. "Mimi nimemtunza."

Na kweli alikuwa amemtunza. Sijaona dume aliyetunzwa vile.

Hata hivyo hatukuweza kumfungulia tu aende. Mgeni alikuwa amezoea kuoshwa dawa na kula ndooni, na upande ule kuna ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe ambao unaua ng'ombe mgeni upesi kuliko mwenyeji. Hofu ya Mama Elia haikuwa ya kijinga. Tukapanga kwamba jike akiwa kwenye joto, yaani siku ile anapohitaji dume, asiende malishoni, abaki nyumbani na Mgeni. Nikaanza kumfundisha Mama Elia dalili za joto.

"Yule anayelialia asubuhi," akanikatiza, "anawapanda wenzake, maziwa yanapungua?"

"Huyohuyo."

"Baba, huyo namjua tangu sijaolewa. Ungesema mapema ni huyo."

Upande wa Diwani nao nilijaribu. Nilikwenda kwa Chibago na koleo la kuhasi, chuma kikubwa kinachobana mishipa bila kuchana ngozi, nikamwomba kwa faida ya kijiji. Chibago alilishika lile koleo, akaligeuza.

"Bwana Mifugo," akasema, "hapo ofisini kwenu akija kijana mwenye digrii, wewe unafanywa hivi?"

Nikalirudisha koleo kwenye begi. Daktari aliposikia hakunikaripia. Alisema tu kwamba hata yeye asingekuwa na jibu.

Mwaka uliofuata mvua zikawa haba. Uwele ulikauka ukiwa umefika goti, na malisho yakaisha mapema. Nilimwogopea Mgeni, na ndama wake wa kwanza waliokuwa wamezaliwa, wa rangi ya majivu, warefu, wazuri kweli. Lakini wenye miili mikubwa hula sana. Mama zao walikauka maziwa, na ndama mmoja akafa. Wengine walisimamishwa kwa pumba na kwa Elia kukata majani mbali. Wale wenye mabaka, watoto wa Diwani, ambao sasa walikuwa mitamba, yaani majike wachanga ambao hawajazaa, walitafuna vijiti na makapi, wakarudi jioni kila siku wakipigana pembe. Ninaandika hili kwa sababu mtu akisifu dume wa bei kubwa bila kulisema hili, hajasema yote.

Na katikati ya hali hiyo, muda wa wakwe ukafika.

Walikuja kutoka Buigiri, baba wa binti na ndugu zake, na mimi niliitwa nikae upande wa Mzee Ndahani kama mtu wa serikali, ingawa serikali haikuwa na la kusema pale. Elia alikuwa amevaa shati jeupe, na kola ilikuwa imelowa jasho. Sote tulikuwa na hofu ambayo hakuna aliyeitamka. Mkwe angeweza kuwatazama wale mitamba wa mabaka akasema tumemdharau. Au angeweza kumwelekezea fimbo Mgeni mwenyewe, akasema, basi nipeni huyo, mambo yaishe. Kwa thamani ilikuwa haki yake, kwa kuwa Mgeni alinunuliwa kwa mahari ileile.

Baba wa binti hakuwa na haraka. Alizunguka zizi. Akasimama mbele ya banda la bati, akamtazama Mgeni, na Mgeni akamtazama huku anatafuna. Akatazama ndoo ya pumba. Akatazama bati. Kisha akatazama tembe.

"Mkwe," akamwambia Mzee Ndahani, "huyu anakula nini?"

Mama Elia ndiye aliyejibu, kwa ukweli wote: majani ya kukatwa, pumba, mashudu, maji ya ndoo, dawa kila wiki.

"Na akikosa?"

"Hajawahi kukosa."

Mzee yule akatikisa kichwa. "Huyu mfalme msinipe. Nyumbani kwangu tutakonda wote ili yeye anenepe." Akageuka, akaelekeza fimbo kwa wale wenye mabaka. "Hawa nawajua. Hawa wamekula ukame wakabaki. Nipeni hawa."

Nilitaka kukaa, nikakuta nimeshakaa. Elia alitoka nje ya boma, akasimama nyuma ya nyumba peke yake, na aliporudi uso ulikuwa umeoshwa. Mzee Ndahani alinishika mkono, akaubana. Mitamba wakahesabiwa, wakatosha. Mahari iliyouzwa ili kumnunua Mgeni ililipwa na watoto wa Diwani, ambao walizaliwa kwa sababu Mgeni alikuwa amefungiwa ndani.

Jioni Chibago alikuja kula pilau. "Mnajua," akasema, "mwanangu Diwani ndiye aliyeoa leo." Safari hii Mzee Ndahani alicheka kuliko watu wote.

Je, bei ilikuwa haki? Nimelifikiria swali hili sana na bado naogopa kulijibu. Miaka iliyofuata, mvua zilipokaa vizuri, maksai waliozaliwa na Mgeni walikwenda mnadani na wachinjaji wakawagombania. Maziwa yaliongezeka, nyumba ya Elia ikajengwa. Mgeni naye alizoea, akaanza kwenda visimani na wenzake, na ng'ombe wa Chibago wakazaa ndama wa majivu bila Chibago kutoa chochote. Nilimwuliza Mzee Ndahani kwa nini hamdai jirani yake.

"Dume lake lilizaa kwangu msimu mzima," akasema. "Yeye alinidai?"

"Alidai posho ya vikao."

"Sikumlipa. Sasa tuko sawa."

Kwa hiyo ninachoweza kuwaambia vijana ni kidogo. Sitasema bei kubwa ni wizi, kwa sababu niliwashika miguu wale wasiochaguliwa na najua gharama iko wapi. Wala sitasema ni haki, kwa sababu haki yake inategemea mvua, kupe, jirani, na kama mwenye dume ana ujasiri wa kumtumia. Mfugaji ambaye akipoteza dume amepoteza na mke wa mwanawe, ni vigumu kumwambia amwachie aende visimani. Kwake bei ni kubwa zaidi kuliko kwa tajiri, hata kama pesa ni ileile.

Nilipostaafu nilikwenda kuwaaga. Kwa miaka yote hiyo kulikuwa na swali moja ambalo sikuthubutu kumwuliza Mzee Ndahani, na siku hiyo nikajikaza. Tulikuwa tumekaa nje, macho yake yameanza kufifia. Mgeni alikuwa ameshazeeka na kuuzwa, na banda lake halikuwepo.

"Mzee," nikasema, "ungerudi siku ile, ukiwa na ng'ombe wa mahari mkononi, ungenisikiliza tena?"

"Muulize Mama Elia. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi."

Mama Elia alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake. Tembe ilikuwa imebomolewa upande mmoja, na juu ya chumba kipya nililitambua lile bati, lina matundu ya misumari ya zamani yaliyozibwa kwa lami. Alitazama juu, akalitazama kidogo, kisha akanitazama mimi.

"Aje tu mwingine," akasema. "Ila huyo atalala nje."